Mlango kwanza, spika baadaye: jinsi ya kuandika stori ya taharuki ya mtu asiyetoka nyumbani

Watu wengi wakitaka kuandika stori ya namna hii huanza na mdukuzi. Kijana amevaa hudi, chumba giza, anabonyeza kibodi sekunde kumi na kamera zote za Nairobi ziko mikononi mwake. Nimetumiwa stori nyingi za hivyo nizipitie na kila mara jibu langu ni hilo hilo, mtoe huyo kijana, anza na mlango. Stori ya mtu anayefuatiliwa na mitambo na hapo hapo anaogopa kutoka nje nguvu yake yote iko mlangoni. Msomaji akishaamini kwamba huyu mtu kweli hawezi kufungua, hata meseji ya mstari mmoja inamkausha koo, na asipoamini hata ulete satelaiti hazitakusaidia.

Mfano wangu nitauweka Nairobi kwa sababu kazi ya mhusika wetu, dada mmoja, iko huko kweli kweli, nitafika hapo. Kwanza mpe nyumba. Mimi ningemuweka Pipeline, Embakasi, ghorofa ya sita. Aliyewahi kuishi Pipeline anajua vile ploti zimebanana, mchana saa sita umewasha taa, ukitoa mkono dirishani karibu umguse jirani wa ploti nyingine, nguo zimeanikwa koridoo nzima, na ngazi ni nyembamba mpaka watu wawili wakikutana na mtungi wa maji katikati lazima mmoja arudi nyuma. Kwa stori hii hapo ni pazuri sana maana dada yetu amezungukwa na watu mamia na bado yuko peke yake. Kisha kaa chini uhesabu. Mlango una nini? Komeo la juu, komeo la chini, kufuli, halafu grili ya nje. Anafungua lipi kwanza? Ngazi ni ngapi hadi getini? Tuseme kila ghorofa ina ngazi 16, basi ni 96. Hiyo namba iandike kwenye karatasi uibandike ukutani, itakuja kufanya kazi kubwa mwishoni.

Hofu yenyewe iandike kama mtu anayeijua. Mimi niliwahi kukaa wiki tatu bila kutoka baada ya kuporwa jioni karibu na geti la ploti. Hakuna kitu kikubwa kilitokea siku zilizofuata, hiyo ndiyo shida, mtu akikuuliza una nini huna cha kumwonyesha. Nilikuwa nasimama na ufunguo mkononi nasikiliza ngazi, nasubiri zinyamaze, zikinyamaza najiambia sasa, halafu mtu wa juu anafungua bomba la maji na mimi narudi kuketi. Unga na maziwa aliniletea kijana wa duka. Namwambia weka hapo chini, pesa nimeshatuma, halafu nasikiliza patipati zake zikishuka, pata pata pata, mpaka zifike chini kabisa ndio nafungua nusu ya mlango navuta mfuko kwa mguu. Mambo ya ukubwa huo ndio yanamshika msomaji, mfuko unaovutwa kwa mguu, kuliko kuandika “aliogopa sana” mara ishirini.

Na ujue unachoandika kina jina, agorafobia. Daktari mmoja Mjerumani wa Berlin, Carl Westphal, ndiye aliyelitoa mwaka 1871, na agora kwa Kigiriki ni soko, ule uwanja watu wanakutana. Lakini mgonjwa haogopi nyanya na vitunguu. Anaogopa kukamatwa na ile hali ya hofu kali ya ghafla mahali ambapo hawezi kutoka haraka wala kupata msaada, ndani ya matatu iliyojaa, kwenye foleni, katikati ya soko la Gikomba, kwenye lifti, hata uwanja mtupu usio na pa kujificha. Anachoogopa zaidi ni mwili wake mwenyewe kumwaibisha huko nje, moyo kwenda mbio, vidole kufa ganzi, pumzi kuwa fupi, kuona kabisa kwamba anakufa. Sasa hapa waandishi wanakosea sana, wanaandika ile hali ikiendelea usiku kucha. Haiendi hivyo. Kwa kawaida inapanda haraka, inafika kileleni ndani ya kama dakika kumi, halafu inaanza kushuka yenyewe hata usipofanya kitu. Mhusika wako anajua hilo, ameshapitia mara arobaini, anaweza hata kuangalia saa na kusema bado dakika nne. Hebu fikiria hizo dakika nne na mtu anapanda ngazi.

Mpe pia zile njia ndogo anazojilindia, maana kila mwenye hali hii anazo. Chupa ya maji lazima iwe mkononi. Lazima awe anaongea na mtu kwa simu akifungua grili. Na usimfanye kichaa, tafadhali, wala usimfanye mvivu. Nyumbani watasema amerogwa, wengine watasema ana jini, mama atamletea maji ya dua au mchungaji atampigia simu amuombee, na hayo yaandike kwa heshima maana ndivyo watu wetu wanavyoonyesha upendo. Mimi huweka simu ya mama mapema kabisa kwenye stori:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula.”

“Umetoka leo?”

“Nimetoka, hata saa hii niko hapa dukani.”

“Mbona sisikii magari?”

Mistari sita tu na msomaji ameshajua anadanganya, na ameshaona kwamba kusikiliza ndiyo njia ya kumjua mtu katika stori hii yote. Aliyeanza kumsikiliza ni mtu anayempenda, kabla hata ya mashine.

Kuhusu kwa nini hatoki unaweza kumpa tukio, lakini kuna njia nyingine rahisi, kafyu. Kenya kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi 2020 na ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, mwaka mmoja na nusu hivi. Mtu ambaye tayari alikuwa anasita akapewa ruhusa ya serikali kukaa ndani usiku, kazi ikahamia kwenye laptopu, na siku wengine walipotoka yeye akagundua mguu haukubali. Hapo hakuna haja ya kumtungia msiba mkubwa.

Haya, kazi. Mpe kazi ambayo inamruhusu kutotoka na ambayo ipo. Nairobi ipo, na hii ndiyo sababu nimeiweka huko. Kuna vijana wengi wanaofundisha mashine, wanaweka alama kwenye picha, wanakagua video mbaya zisifike kwa watu, wanasikiliza vipande vya sauti na kuandika kilichosemwa. Mwaka 2022 aliyekuwa mkaguzi wa maudhui aliishtaki Meta, wenye Facebook, pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri, hapo hapo Nairobi kwa mambo aliyolazimika kuangalia na vile walivyotendewa, na Januari 2023 jarida la Time likaandika kuhusu wafanyakazi wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Kwa hiyo ukisema dada yetu anavaa hedifoni saa tatu asubuhi na kusikiliza klipu za Kiswahili mpaka jioni, kila msomaji wa Nairobi ana binamu au jirani anayefanya kitu kama hicho. Google yenyewe ilianza kuelewa Kiswahili cha kuongea kwenye kibodi ya simu mwaka 2017, na mashine haijifunzi hewani, kuna mtu aliketi akaandika.

Hapa tulia uandike kazi yenyewe kwa karibu. Klipu ni ya sekunde chache, tuseme 9. Haina jina, ina namba tu. Anasikiliza, anaandika, anaweka alama kama ni mwanamke au mwanaume, kama kuna kelele nyuma, kama haieleweki, anabonyeza, inakuja nyingine. Analipwa kwa klipu kwa hiyo kila sekunde ya kurudia ni hasara yake mwenyewe. Halafu siku moja inakuja ile anayorudia mara saba. Mwanamke anasema kwa sauti ya chini, “Nimekwambia sitasaini,” kisha kitu kizito kinaanguka, kisha mita ya stima ya tokeni inalia, pi, pi, pi. Mwisho. Sekunde 9.

Usimwambie msomaji ni mauaji. Acha dada yetu asijue. Ninachokipenda kwenye hii kazi ni kwamba silaha yake ni masikio, na huhitaji mdukuzi tena, anachohitaji ni kutafuta klipu nyingine zenye mita ile ile nyuma. Kwenye moja ndege inapita chini sana, kwenye nyingine adhana inaanza na makanga anaita abiria kabla haijaisha. Yeye anaishi Embakasi, ndege za uwanja wa Jomo Kenyatta zinapita juu ya kichwa chake kila siku, na ghafla anasikia ndege ile ile dirishani kwake na kwenye hedifoni. Ukifika hapo msomaji wako hawezi kulala.

Usiogope kwamba hii haiwezekani, ilishatokea kitu kinachofanana na hicho. Julai 2019 shirika la utangazaji la VRT la Ubelgiji lilipata rekodi zaidi ya elfu moja za simu za Google na zile spika zake za nyumbani zinazopokea amri kwa sauti, zilizokuwa zinasikilizwa na wafanyakazi wa kandarasi, wakakuta 153 hazikupaswa kurekodiwa kabisa maana hakuna aliyetamka neno la kuiamsha mashine, kulikuwa na ugomvi wa nyumbani, maongezi ya kitandani, na waandishi wakaweza kuwafikia baadhi ya wenye sauti kwa sababu ndani ya rekodi walikuwa wametaja anwani. Mwaka huo huo ikajulikana Amazon na Apple nao walikuwa na watu wanaosikiliza, na Apple ikasimamisha zoezi hilo Agosti.

Sasa kidogo kuhusu mashine maana hapa ndipo stori nyingi zinaanguka. Spika ya nyumbani haitumi kila neno kwenye seva mchana kutwa. Inasikiliza humo humo ndani, inashika sekunde chache tu na kuzifuta, mpaka isikie neno la kuiamsha, hapo ndipo inaanza kutuma. Shida ni kwamba inasikia vibaya. Mwaka 2018 familia moja ya Portland, Oregon, ilikuwa inaongea nyumbani kuhusu sakafu ya mbao, spika yao ya Amazon ikadhani imeitwa, ikadhani imeambiwa tuma meseji, ikadhani imetajiwa jina, na maongezi yao yakafika kwa mtu aliyekuwa Seattle. Yule mtu ndiye aliyewapigia simu kuwaambia wachomoe zile spika. Kwa stori hii kosa dogo kama hilo ni bora kuliko shirika la siri linalosikia dunia nzima, linatisha zaidi kwa sababu hakuna aliyepanga.

Na ukumbuke nyumba nyingi za kwetu hazina hiyo spika, zina simu. Kwa hiyo adui wako mpe simu na umpe mipaka. Kampuni ya simu inajua laini yako iko kwenye mnara gani, haijui uko ghorofa ya ngapi. Rekodi za simu zinaonyesha ulimpigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, hazionyeshi maneno mliyosema. Mipaka hii ndiyo inayompa dada yetu nafasi ya kupumua, na inamlazimisha adui kufanya kitu cha kizamani, kuja mwenyewe kwa miguu na kuuliza watu. Adui anayejua kila kitu hana sababu ya kupanda ngazi.

Kitu ambacho ningependa uking’ang’anie ni M-Pesa, kwa sababu kila mtu anaijua na hakuna anayeiogopa. Ukitaka kumtumia mtu pesa, kabla haijaenda jina la mwenye namba linatokea, ukiona sio yeye unasimamisha. Watu hutumia hiyo kila siku kuhakikisha. Sasa dada yetu ameripoti ile klipu kwa msimamizi, msimamizi amemuomba namba ya simu, ati watampigia. Sehemu inayofuata mwache dada yetu kabisa, mpeleke msomaji kwa mtu aliyeketi ndani ya gari, anaandika namba, shilingi 10, anabonyeza, jina linatokea, analisoma kwa sauti mara mbili, anasimamisha. Pesa haikwenda, hakuna meseji iliyoingia kwa dada yetu. Yeye anapika ugali. Msomaji sasa anajua kitu ambacho mhusika hajui, na kuanzia hapo kila anapocheka na mama kwenye simu msomaji anataka kumfokea. Hiyo ndiyo taharuki. Ukimficha msomaji halafu umrushie mtu mlangoni ghafla utapata mshtuko wa sekunde moja, ukimwambia mapema unapata kurasa thelathini.

Kwa hiyo pia vitu vyote vinavyomuwezesha kukaa ndani vifanye vimfichue. Kijana wa duka anajua mlango. Tokeni anazonunua zinaonyesha nyumba ina mtu. Keateka wa ploti, yule anayeitunza, anajua kwamba kuna msichana wa ghorofa ya sita hajashuka miezi, ameshaisimulia hiyo kama ajabu kwa watu kumi, na yule wa gari akija kuuliza keateka atamwambia kwa moyo mweupe kabisa, huyo huwezi kumkosa, yeye hatoki.

Sehemu ya ofisi pita haraka. Msimamizi atamwambia aachane nayo, amesaini mkataba wa kutunza siri, akisema nje anapoteza kazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa Data, dada yetu anaweza kulalamika huko, mwache aandike hayo malalamiko hata kwa ukurasa mmoja ili msomaji asijiulize kwa nini hakujaribu. Lakini malalamiko yanachukua siku na yule mtu ameshaegesha gari.

Mapema kwenye stori, kabla ya haya yote, lazima umuonyeshe akijaribu kutoka. Matibabu ya hali hii mara nyingi huenda hatua kwa hatua, leo unafungua mlango unasimama mpaka moyo utulie, kesho unafika ngazi ya tano, wiki ijayo kona, na siri yake ni kutorudi ndani wakati hofu iko juu, unabaki pale mpaka ishuke. Mpe mshauri wa kwenye simu anayemfundisha hivyo. Muonyeshe amefika ngazi ya 14, amebakisha mbili afike ghorofa ya tano, mtoto wa jirani anapiga kelele kwa mchezo tu na yeye anakimbia kurudi. Usieleze kwa nini umeweka hiyo namba. Msomaji ataibeba mwenyewe.

Halafu usiku wa mwisho. Stima ipotee, Pipeline sio ajabu. Ruta imezima, simu ina asilimia 11, ndani giza. Anasikiliza ngazi kama kawaida yake. Miezi yote hii amejifunza miguu ya ploti nzima, yule wa ghorofa ya nne anaburuza kushoto, kijana wa gesi anapiga mluzi na kugonga mtungi kwenye kila kona. Sasa kuna mtu anapanda na mtungi wa gesi, hapigi mluzi, mtungi haugongi mahali, maana yake ni mtupu na anaubeba juu juu, na viatu ni vya soli ngumu kwenye ploti ambayo jioni kila mtu amevaa patipati. Hakuna aliyeagiza gesi. Tazama vile hukuhitaji kamera hata moja hapo, masikio yale yale yaliyosikia sekunde 9 ndiyo yanayosikia soli.

Nani anamtoa? Wengi wanaleta polisi au mpenzi. Mimi namwacha atoke mwenyewe, na namwacha atoke na hofu yake yote. Usimponyeshe. Mikono imekufa ganzi, anafungua komeo la chini kwanza badala ya la juu, ufunguo unaanguka. Mtu yuko ghorofa ya tatu. Hawezi kwenda juu maana mlango wa paa keateka huufunga saa moja jioni, umeshamweleza msomaji hilo sehemu ya pili. Njia ni moja, ashuke, wapishane kwenye ngazi nyembamba gizani, na yule mtu hajawahi kuona sura yake, anajua jina tu na anajua kwamba huyu msichana hatoki. Hapo ndipo stori yako inafunguka. Adui amejenga mpango wake wote juu ya ugonjwa wake, anatafuta mtu aliye nyuma ya mlango, kwa hiyo mwanamke anayeshuka na beseni la nguo kiunoni sio yeye. Anahesabu. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Hapa punguza kasi kabisa, ngazi ya 15 ipe aya yake peke yake. Wanakutana ghorofa ya nne, mmoja lazima ajibanze ukutani. Anajibanza mwanaume, anasema samahani dada, na sauti yake ndiyo ile iliyokuwa kwenye moja ya zile klipu zenye mita.

Sentensi fupi sehemu hiyo. Hakuna maelezo ya teknolojia tena, hata neno moja. Akifika geti usimfanye atabasamu, mfanye ashike ukuta wa duka na kijana wa patipati amwangalie bila kumjua, maana hajawahi kumwona, mpaka aongee, “Weka hapo chini,” na kijana ashtuke kusikia ile sauti.

Ukimaliza rasimu isome kwa sauti usiku taa zikiwa zimezimwa, na kila ulipoandika kifaa fulani kinafanya jambo jiulize kama fundi wa simu wa Luthuli Avenue akisoma atatikisa kichwa, akitikisa rekebisha. Kama unaitoa kwa vipande vipande usikate pale mtu anapogonga mlango, kata kabla, pale soli zinaposimama nje na hakuna anayegonga. Na zile ngazi usizitunge. Kesho asubuhi toka kwako, shuka ukihesabu mpaka getini, sikiliza nani anapita vipi, panda tena, kisha ndio uandike namba yako.